Maneno Machache ya Kumrudishia Mtu Jina Lake



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Februari, ndugu zetu Weusi wa Marekani huadhimisha historia yao na mafanikio ya watu wao. Shuleni, makanisani na katika maktaba husimuliwa habari za wavumbuzi, walimu, wanamichezo, watumishi wa Mungu na wapigania haki. Katika maadhimisho hayo aghalabu halikosekani shairi, na mara nyingi huwa shairi fupi ambalo mtoto anaweza kulishika moyoni na kulisema mbele ya watu bila karatasi. Juma hili tumependa kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo hilo. Kwa nini watu wenye historia ndefu na nzito namna ile waikumbuke kwa mistari minane, au kumi na minne? Je, ufupi huo si kuwapunja marehemu wao?

Tuanze na mtu aliyeyaanzisha maadhimisho yenyewe. Carter G. Woodson alizaliwa Virginia mwaka 1875, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Ujanani alichimba makaa ya mawe huko West Virginia, na alipoanza masomo ya sekondari alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Huko migodini alikuwako mchimbaji mmoja mzee, Oliver Jones, aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mzee huyo hakujua kusoma, lakini nyumba yake ilikuwa kijiwe cha wachimbaji Weusi, na kijana Woodson aliwasomea magazeti kwa sauti. Hapo akasikia kutoka vinywani mwa wazee historia ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha. Mwaka 1912 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwezi wa Februari mwaka 1926 akaanzisha juma la historia ya watu Weusi. Mwaka 1976 juma hilo likawa mwezi mzima.

Woodson alilichagua juma hilo kwa kuwa ndani yake zilikuwamo siku mbili za kuzaliwa ambazo watu Weusi walizienzi tayari: ya Abraham Lincoln, tarehe 12, na ya Frederick Douglass, tarehe 14. Hiyo ya pili ina fumbo lake. Douglass alizaliwa mtumwa huko Maryland, na kamwe hakuijua tarehe aliyozaliwa. Watumwa wengi hawakuijua yao. Tarehe 14 Februari aliichagua mwenyewe. Kumbe, ndugu wapendwa, sherehe hii kubwa inasimama juu ya siku ya kuzaliwa ambayo mtu alinyimwa, akajitafutia.

Hapo ndipo tunapoanza kuona sababu ya shairi fupi. Biashara ya utumwa nayo ilikuwa na maandishi yake, tena mafupi sana: jina, umri, bei. Pengine hata jina halikuwamo, ila idadi na jinsia tu. Kwa mistari ya namna hiyo mamilioni ya watu waliandikwa na kufutwa papo hapo.

Wala tusidhani kwamba maandishi hayo yalikuwa ya watu wasiomjua Mungu. Tarehe 19 Juni 1838, Mapadre Wajesuiti wa Maryland walitia saini mkataba wa kuwauza watumwa wao, wanaume, wanawake na watoto 272, wapelekwe katika mashamba ya Louisiana. Sehemu ya fedha iliyopatikana ilitumika kulipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Wa kwanza kutajwa katika orodha ile ni mzee Isaac, mwenye umri wa miaka 65, kisha wanawe na wajukuu. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo, katika Maryland hiyohiyo, kijana Frederick Douglass alitoroka utumwani. Mwaka uliofuata, 1839, Papa Gregori wa 16 alitoa barua ya kuilaani biashara ya watumwa. Lakini kwa mzee Isaac na jamaa zake barua hiyo ilikuwa imechelewa. Mwaka 2017 chuo kile kilitoa jina la Isaac Hawkins kwa mojawapo ya majengo yake. Tunayataja haya kwa sababu hatuna budi kuyajua. Mwana anayelipenda Kanisa haogopi kusoma orodha yake.

Basi, shairi fupi na orodha ya mauzo vinafanana kwa jambo moja: vyote viwili vina maneno machache juu ya mtu. Lakini orodha hutaja jina ili mtu auzwe, na shairi hulitaja ili mtu akumbukwe. Tukiliona hilo, ufupi wa mashairi haya hautatushangaza tena. Ni jibu lililotolewa kwa kipimo kilekile.

Tazameni habari za Phillis Wheatley. Mwaka 1761 ilitia nanga Boston meli iliyobeba watumwa kutoka Afrika Magharibi. Miongoni mwao alikuwamo msichana mdogo, dhaifu, aliyekadiriwa kuwa na miaka saba kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka. Alinunuliwa na familia ya Wheatley. Meli ile iliitwa Phillis, na mtoto akapewa jina la meli. Jina alilopewa na mama yake halijulikani hata leo. Mtoto huyo alijifunza kusoma na kuandika kwa wepesi wa ajabu, akasoma Biblia, akajifunza Kilatini, na alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi, mwaka 1773, kitabu chake cha mashairi kilichapishwa London. Lakini ilibidi kwanza watu mashuhuri 18 wa Boston, gavana akiwamo, watie saini kuthibitisha kwamba mashairi yale ni yake kweli. Maana wengi hawakusadiki kwamba mtu Mweusi aweza kutunga.

Shairi lake linalojulikana zaidi lina mistari minane tu, na limewasumbua wasomaji hadi leo. Katika mistari ya mwanzo anaonekana kushukuru kwa kuletwa kutoka Afrika, kwa kuwa ndivyo alivyomjua Mungu. Wengi wamemlaumu kwa hayo, na hatuwashangai. Lakini tusimwache njiani. Katika mistari ya mwisho anawageukia Wakristo wenyewe, wale waliomdharau kwa rangi yake, na kuwakumbusha kwamba watu Weusi nao wana nafasi mbinguni. Binti aliyekuwa mali ya mtu, bila ruhusa ya kupaza sauti, anawafundisha mabwana zake katekisimu! Alipewa uhuru wake mwaka uleule wa kitabu, akafariki katika umaskini mwaka 1784, akiwa na umri wa miaka 31 hivi.

Lakini Phillis alikuwa na meza na kalamu. Watumwa walio wengi hawakuwa navyo, na katika majimbo kadhaa ya kusini sheria ilikataza kuwafundisha kusoma. Hao nao walitunga. Nyimbo zao za kiroho ni mashairi mafupi kupita yote: mstari mmoja hurudiwa mara tatu, wa nne hukamilisha. Ziliimbwa shambani na katika sala za siri usiku. Hazikuhitaji karatasi, wala hapakuwa na bwana aliyeweza kuzipekua mfukoni. Mtu aliyeuzwa kwenda mbali aliachishwa mke na watoto, lakini wimbo alikwenda nao. Ufupi wake haukuwa pambo la mtunzi. Ulikuwa ndiyo namna pekee ya kuubeba.

Mwaka 1871 vijana tisa wa shule ya Fisk, mjini Nashville, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, walisafiri wakiimba ili kuiokoa shule yao iliyokuwa ikilemewa na madeni. Kikundi chao kikapewa jina linalotokana na Mwaka wa Jubilei katika kitabu cha Walawi, mwaka ambao watumwa huachwa huru. Kwa nyimbo za babu zao walikusanya fedha za kujenga jengo kubwa la shule, na mwaka 1873 wakaimba mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza. Majina ya wengi waliozitunga nyimbo zile hayajulikani.

Sisi Wakatoliki hatuwezi kutaja nyimbo hizo tusimtaje Mtumishi wa Mungu Sista Thea Bowman. Mwezi wa Juni mwaka 1989, akiwa mgonjwa wa saratani na ameketi katika kiti cha magurudumu, alialikwa kuzungumza na maaskofu wa Marekani juu ya maana ya kuwa Mweusi na Mkatoliki. Badala ya kuanza kwa hotuba, alianza kwa kuimba wimbo mmoja wa watumwa, ule wa mtoto aliyetengwa na mama yake. Kwa mistari michache aliwaambia maaskofu lile ambalo hotuba ndefu ingezunguka bila kulifikia. Alifariki mwezi wa Machi mwaka 1990.

Baada ya utumwa kukomeshwa walitokea washairi wengi, nasi tutawataja wachache tu. Paul Laurence Dunbar, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, alikuwa mwendesha lifti katika jengo moja la Dayton, Ohio, na kitabu chake cha kwanza aliwauzia abiria wa lifti ileile. Aliandika shairi la mistari 15 juu ya barakoa ambayo mtu Mweusi alilazimika kuivaa, akitabasamu mbele ya watu huku moyo ukivuja damu. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1906, akiwa na miaka 33.

James Weldon Johnson, mkuu wa shule ya watoto Weusi huko Jacksonville, Florida, aliombwa kuzungumza katika kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Lincoln mwaka 1900. Aliamua kutunga shairi, ndugu yake akalitia muziki, na watoto 500 wakaliimba. Kisha ndugu hao wawili walihamia New York na hawakulifikiria sana tena. Lakini watoto hawakuliacha. Waliendelea kuliimba, wengine wakawa walimu, wakalifundisha shule nyingine, nao hao wakawafundisha wengine. Baada ya miaka 20 hivi lilikuwa limeenea kusini yote, na leo linajulikana kuwa wimbo wa taifa wa watu Weusi wa Marekani. Hawakuwa wachapishaji waliolihifadhi, bali watoto.

Langston Hughes hakuwa amefikisha miaka 20 alipokuwa safarini kwa treni kwenda Mexico kwa baba yake. Treni ilipovuka mto Mississippi jua likizama, alitunga shairi fupi nyuma ya bahasha. Ndani yake mtu Mweusi anaijua mito ya dunia tangu kale: Frati, Kongo, Nile, na Mississippi yenyewe. Sisi tunywao maji ya Nile na Kongo tunalo la kujivunia hapa. Kijana wa ng'ambo, ambaye wakati huo hakuwa ameiona mito yetu, alisema roho yake imekuwa na kina kama mito. Alipofariki mwaka 1967 mwili wake uliteketezwa kwa moto, na majivu yake leo yamezikwa chini ya sakafu ya maktaba ya historia ya watu Weusi huko Harlem, mahali palipochorwa mito.

Naye Gwendolyn Brooks wa Chicago, mwaka 1950, alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer. Shairi lake mashuhuri kuliko yote lina maneno 24 tu. Alipita mahali wanapochezea puli saa za masomo, akawaona vijana wamo ndani. Alisimulia baadaye kwamba hakujiuliza kwa nini vijana hao hawako shuleni. Alijiuliza wao wenyewe wanajionaje. Wapendwa, tulitafakari swali hilo kwa makini. Ni mara ngapi tumepita mbele ya vijana wetu vijiweni tukiwa na swali la kwanza tu? Brooks hawasifu vijana wale, wala hawatukani. Anawapa sauti wajiseme wenyewe, na mwisho wa shairi msomaji anatambua kwamba wanakaribia kufa. Hata hilo ni sehemu ya kuadhimisha watu wako: kumwona na yule ambaye hakuvumbua kitu wala kupata tuzo.

Baadhi ya washairi wa kizazi kilichofuata waligeukia lugha yetu. Kijana Don L. Lee, aliyelelewa kishairi na Brooks, alijiita Haki Madhubuti. Mwenzake Jewel Lattimore, ambaye jina lake la kwanza maana yake ni kito, akawa Johari Amini. Pamoja na mwenzao Carolyn Rodgers walianzisha nyumba ya uchapishaji Chicago mwaka 1967. Watu ambao mababu zao walipewa majina ya meli na ya mabwana, walipotaka kujipa majina yao wenyewe, walibisha hodi katika Kiswahili. Sisi tunaotumia maneno hayo kila siku sokoni na mahakamani, je, tunayasikia uzito wake?

Tukiyaweka haya yote pamoja, tunapata mafundisho matatu.

Kwanza, kusifu si kupamba. Yoshua bin Sira, katika sura ya 44, anatualika kuwasifu watu mashuhuri na mababu zetu. Lakini hapohapo anawakumbuka wale ambao hawakuacha kumbukumbu yoyote, kana kwamba hawakuzaliwa. Sherehe inayotaja washindi peke yao imesoma nusu ya sura. Mashairi tuliyoyataja yanaisoma yote.

Pili, kilicho kifupi hufika mbali. Zaburi ya 117 ina aya mbili tu, nayo inayaita mataifa yote. Tukitaka watoto wetu wawakumbuke wazee wao, tusiwape hotuba tu. Tuwape kitu wanachoweza kukishika. Nasi wa Afrika Mashariki tunao wa kuwakumbuka. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na huko Bagamoyo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua mwaka 1868 misheni iliyowapokea watoto waliokombolewa utumwani. Ni nani kati yetu anayeweza kutamka jina la mmoja tu wa watoto wale?

Tatu, shairi halitoshi peke yake. Mshairi Robert Hayden aliandika mistari 14 juu ya Frederick Douglass, na ujumbe wake ni kwamba mtu huyo atakumbukwa kwa kweli siku ile ambapo uhuru alioupigania utakuwa maisha ya kila mtu, wala si kwa sanamu na mashairi. Ni ajabu kwamba anayetuambia hivyo ni mshairi, tena ndani ya shairi. Jina tunalolitaja Februari, au siku yoyote ya kumbukumbu, linatudai mwaka mzima. Haifai kumwimbia Phillis ilhali msichana wa kazi nyumbani mwetu huitwa kwa jina tulilombandika sisi, na hakuna aliyewahi kumwuliza la kwao.

Sisi si washairi, lakini tumejaribu beti tatu kwa mtindo wa utenzi tuliourithi. Ubeti wa kwanza ni wa Phillis, wa pili ni wa Woodson, na wa tatu ni wa wale waliotunga nyimbo bila kuacha majina:

Meli ikampa jina,
Lake hatukuliona,
Kwa kalamu akanena,
Akajiandika mtu.

Makaa alichimbua,
Kitabu akafungua,
Yaliyofichwa kajua,
Ya kwamba watu ni watu.

Nyimbo zao zimebaki,
Majina hatukumbuki,
Mbele za Mola wa haki
Hapotei hata mtu.

Tungependa kila familia ya parokia yetu ifanye vivyo hivyo juma hili. Keti na wanao, mtaje mzee mmoja wa ukoo wenu ambaye habari zake hazijaandikwa popote: bibi aliyelima ili wengine wasome, au babu aliyejenga kigango kwa matofali yaliyobebwa kichwani. Msitafute vina vigumu. Mistari minne inatosha, mradi jina lake liwemo na jambo moja la kweli alilolitenda liwemo. Kisha mtoto mdogo kuliko wote aikariri, kwa kuwa ndiye atakayeibeba mbali zaidi.

Tunawatakia nyote juma jema. Bwana awape pumziko la milele wote waliouzwa, waliozama baharini na waliokufa bila kuitwa kwa majina yao, na mwanga wa milele awaangazie. Amina.